Mgomo wa shule wa Chicago, 1963, na kamera zilizoushuhudia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na walimu wa historia, vijana wanaojifunza kutengeneza filamu za hali halisi, na watu wa kawaida waliowahi kuona picha nyeusi na nyeupe za umati wa watoto wenye mabango mjini Chicago wakataka kujua ni akina nani. Unaweza kuanzia swali lolote, ila yale ya mwanzo yanasaidia kuelewa ya mbele.

Ni nini hasa kilitokea tarehe 22 Oktoba 1963?

Siku hiyo, Jumanne, wanafunzi wapatao 225,000 wa shule za umma za Chicago hawakwenda shule. Hiyo ni karibu nusu ya wanafunzi wote wa jiji. Walisusia shule kupinga utengano wa rangi, madarasa yaliyofurika na uongozi wa mkuu wa elimu wa jiji, Benjamin Willis. Waandaaji waliiita Siku ya Uhuru. Wengi wa watoto hao waliishinda siku katika "shule za uhuru" zilizofunguliwa makanisani na katika kumbi za mitaa, wakafundishwa historia ya watu weusi na kuimba nyimbo za harakati. Baadaye mchana maelfu ya watu, watoto kwa wakubwa, waliandamana katikati ya jiji hadi kwenye ofisi za serikali ya jiji na makao ya bodi ya elimu.

Hapakuwa na mbwa wa polisi wala mabomba ya maji. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya siku hii kusahaulika nje ya Chicago: magazeti na televisheni za Marekani zilikuwa zimezoea kuiona harakati kupitia damu. Mei ya mwaka uleule watoto wa Birmingham, Alabama, walikuwa wamepigwa maji ya shinikizo mbele ya kamera, na picha zile zikazunguka dunia nzima. Watoto wa Chicago waliandamana kwa amani wakarudi nyumbani kwa amani, na siku chache baadaye habari yao ikapoa.

Mahakama Kuu ya Marekani si ilishakataza utengano shuleni mwaka 1954?

Ndiyo. Hukumu ya kesi ya Brown, iliyotolewa tarehe 17 Mei 1954, ilisema kuwatenga watoto shuleni kwa misingi ya rangi ni kinyume cha katiba. Lakini iliyolengwa hasa ilikuwa majimbo ambako utengano ulikuwa umeandikwa katika sheria. Chicago iko kaskazini, na jimbo la Illinois halikuwa na sheria ya namna hiyo. Viongozi wa jiji wakawa na jibu jepesi: mtoto anasoma shule ya mtaa anaoishi, basi, rangi haituhusu.

Jibu hilo linafanya kazi mpaka uulize kwa nini watu weusi walikuwa wanaishi mitaa ile na si mingine. Kwa miongo mingi hati za nyumba za wazungu zilibeba masharti ya kutomuuzia mtu mweusi. Mahakama zilikuja kukataa kuyatekeleza masharti hayo mwaka 1948. Benki zilinyima mikopo mitaa ya weusi. Serikali ilijenga majengo marefu ya makazi ya umma ndani ya mitaa ileile iliyokwisha kufurika. Wakati huohuo familia nyingi za weusi zilikuwa zinaendelea kuhama kutoka kusini kuja Chicago kutafuta kazi. Watoto waliongezeka ndani ya mipaka isiyosogea. Na mipaka ya kugawa wanafunzi kwa kila shule haikushushwa na mbingu, ilichorwa ofisini na watu wenye majina na vyeo.

Huyu Willis alikuwa nani, na "mabehewa ya Willis" ni nini?

Benjamin Willis aliongoza shule za Chicago tangu 1953 hadi 1966. Alijulikana kama mjenzi. Shule nyingi zilijengwa wakati wake, na watu wa biashara walimheshimu. Lakini shule za watoto weusi ziliendelea kufurika. Nyingine zilisomesha kwa zamu: kundi moja asubuhi, jingine mchana, kila mtoto akipata nusu siku ya masomo. Katika shule za wazungu, wakati mwingine mwendo mfupi tu kutoka hapo, wazazi na wanaharakati walihesabu madarasa yenye nafasi.

Suluhisho la Willis halikuwa kuwahamishia watoto kwenye nafasi hizo. Alinunua madarasa ya kuhamishika, vibanda vya bati la alumini mfano wa matrela, akavisimamisha kwenye viwanja vya michezo vya shule na viwanja vitupu vya mitaa ya weusi. Wazazi wakavibatiza "mabehewa ya Willis". Anayetajwa kuwa mbunifu wa jina hilo ni Rosie Simpson, mama aliyekuwa mstari wa mbele kabisa katika mapambano ya shule upande wa kusini wa jiji.

Agosti 1963 mabehewa yalipangwa kuwekwa kwenye kona ya barabara ya 73 na Lowe, mtaa wa Englewood, kwenye kiwanja kilichobanwa kati ya reli na kichochoro. Wazazi na vijana walikaa chini mbele ya matingatinga. Wengine walijifunga minyororo. Polisi waliwabeba mikono na miguu na kuwatia ndani ya magari yao. Watu wengi wanaotazama picha za mwaka 1963 hawajui kwamba mgomo wa Oktoba ulichemka kwanza pale, kwenye udongo wa kiwanja kile.

Nani waliupanga mgomo?

Ulikuwa kazi ya muungano wa mashirika ya kijamii, makanisa na vyama vya haki za kiraia, uliofahamika kwa kifupi CCCO. Lawrence Landry ndiye aliyeongoza kamati ya Siku ya Uhuru. Mwalimu mmoja, Al Raby, alikuja kuwa kiongozi wa muungano huo, na mwaka 1966, Martin Luther King alipohamishia kampeni yake Chicago, alifanya kazi bega kwa bega na Raby. Vijana wa vyuo nao walikuwemo.

Cheche ya mwisho ilitoka kwa Willis mwenyewe. Mwanzoni mwa Oktoba aliandika barua ya kujiuzulu baada ya kubanwa kuhusu uhamisho wa wanafunzi. Bodi ya elimu ikakataa kumwachia, ikamrudisha. Kwa wazazi weusi ilikuwa kama kuambiwa usoni kwamba miaka yao yote ya barua, kesi na vikao haikuhesabika. Wiki chache tu zikatosha kuandaa mgomo wa watoto laki mbili na ushei, bila simu za mkononi, kwa vipeperushi, mimbari za makanisa na kubisha hodi nyumba kwa nyumba.

Nani alipiga picha za filamu siku ile?

Mmoja wao alikuwa Gordon Quinn, kijana wa miaka 21 aliyekuwa anasoma Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1966 yeye na wenzake, Jerry Temaner na Stan Karter, walianzisha Kartemquin Films, jina lililounganishwa kutokana na majina yao matatu. Kampuni hiyo ya Chicago ingali hai na ni mojawapo ya nyumba zinazoheshimiwa zaidi katika filamu za hali halisi nchini Marekani.

Mikanda ya mwaka 1963 ilikaa ghalani kwa miongo mingi. Mwaka 2017 ikawa moyo wa filamu ya takriban nusu saa iitwayo '63 Boycott, iliyoongozwa na Quinn na kutayarishwa pamoja na Rachel Dickson na Tracye Matthews. Iliingia kwenye orodha fupi ya tuzo za Oscar upande wa filamu fupi za hali halisi. Mengi ninayojibu hapa chini yanatokana na kazi hiyo, kwa sababu ni mfano mzuri mno wa namna ya kuirudisha picha ya zamani mikononi mwa wenyewe.

Unapigaje picha ubaguzi usio na kibao?

Hili kwangu ndilo swali kubwa kuliko yote, na ningependa kila anayeshika kamera alifikirie kabla ya kutoka nyumbani.

Kusini kamera ilikuwa na kazi rahisi kwa maana moja: kibao kilikuwepo. Mlango wa wazungu, mlango wa weusi, bomba la maji la huyu na la yule. Mwaka 1957 mjini Little Rock, Arkansas, weusi walipoingia shule iliyokuwa ya wazungu watupu, picha ilijieleza yenyewe, wasichana na wavulana weusi tisa, umati wenye hasira, wanajeshi wenye bunduki. Chicago hakukuwa na kibao. Kulikuwa na ramani iliyokunjwa kwenye kabati la ofisi, na mstari wa ramani hauonekani ukisimama barabarani.

Kwa hiyo ilibidi kutafuta vitu ambavyo mstari ule umezaa. Behewa la alumini juu ya kiwanja ambacho watoto walikuwa wanachezea ni picha. Zamu mbili ni picha: watoto wanaingia saa sita mchana huku wenzao wanatoka. Halafu kuna mgomo wenyewe, ambao ulifanya jambo ambalo mpiga picha peke yake asingeliweza. Uliwatoa watoto nje kwa siku moja. Watoto waliokuwa wametawanyika katika mamia ya majengo, kila mmoja akidhani shule yake ndiyo mbovu, walisimama barabara moja wakaonekana kwa jicho moja. Na nyuma yao wakaacha madawati matupu. Dawati tupu linapigwa picha. Mstari wa ramani haupigwi.

Ukitazama picha zile taratibu utaona wengi wamevaa kama wanaokwenda kanisani. Wanaume na tai na kofia, wasichana na makoti yaliyofungwa vifungo vyote. Mabango yanataka Willis aondoke. Nyuso hazina hofu. Nyingine zinacheka, maana kwa mtoto siku ya kutokwenda shule ni siku ya kutokwenda shule. Mhariri asiyejali angekata vicheko hivyo ili maandamano yaonekane mazito zaidi. Kuviacha ni uaminifu.

Walitumia vifaa gani?

Kwa kazi za namna hii wakati ule chombo kilikuwa kamera ya mkanda wa milimita 16. Mkanda mdogo wa futi 100 hukupa dakika 2 na sekunde 45 hivi kwa kasi ya kawaida ya fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde. Ule mkubwa wa futi 400 hukupa dakika 11. Zikiisha unafungua kamera, unatoa mkanda gizani au kivulini kwa uangalifu, unaweka mwingine, na maandamano hayakusubiri. Kamera nyingine zilikuwa za kutia ufunguo kwa mkono kama saa ya zamani, na kila zikitiwa ufunguo zinaenda nusu dakika tu. Mkanda na kuusafisha maabara viligharimu pesa ambazo mwanafunzi hanazo.

Ndiyo maana ukipata dakika chache za mkanda wa aina hii usiseme "mbona kidogo". Kila sekunde iliamuliwa. Mtu alisimama akajiuliza: huyu, au yule? Leo kijana mwenye simu anarekodi saa tatu mfululizo akiwa hajachagua kitu, na baadaye hana hamu ya kuzitazama.

Na sauti?

Kamera nyingi ndogo za wakati ule zilikuwa bubu. Vifaa vya kurekodi sauti sambamba na picha, vinavyobebeka begani, vilikuwa vipya na ghali. Matokeo yake picha nyingi za harakati za haki za kiraia hazina sauti yake halisi. Wimbo unaousikia juu ya maandamano fulani huenda uliimbwa siku nyingine, mji mwingine.

Msimamo wangu hapa ni mkali. Usiweke kelele za maandamano mengine chini ya picha yako ukaacha mtazamaji aamini kwamba ndizo za siku ile. Una njia nyingine safi: tafuta waliokuwepo, warekodi wakisimulia leo, kisha uweke sauti zao juu ya picha. Mtazamaji anaelewa papo hapo kwamba anasikia kumbukumbu. Na mara nyingi sauti ya mzee wa miaka 70 juu ya uso wake mwenyewe wa miaka 15 inasema kuliko kelele yoyote.

Waliwezaje kuwapata watu walioonekana kwenye picha baada ya miaka 50?

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Umati una maelfu ya watoto, na mkanda haubebi majina. Watengenezaji wa filamu walichukua fremu moja moja kutoka kwenye mikanda, wakazifanya picha mnato, wakaziweka kwenye tovuti ya mradi na kuomba watu wajitambue au watambue ndugu, jirani, mwanadarasa. Waliojitambua waliandika kumbukumbu zao, na baadhi wakahojiwa mbele ya kamera. Mmoja wa wanaozungumza katika filamu ni Sandra Murray, aliyekuwa mwanafunzi wakati wa mgomo na baadaye akawa profesa wa biolojia ya seli Chuo Kikuu cha Pittsburgh.

Fikiria maana yake. Kwa nusu karne msichana yule alikuwa "mwandamanaji" katika umati. Akishapata jina anapata na mwalimu wake, mtaa wake, dawati lake, mama aliyemruhusu au aliyemkataza kwenda. Picha ileile inabadilika bila kuguswa hata fremu moja. Ninawasihi wanaotengeneza filamu za kihistoria wasiridhike na umati. Umati hauna mjukuu. Mtu mwenye jina anaye.

Njia yenyewe haihitaji teknolojia ya ajabu. Chapa fremu kubwa, zipe namba, zibandike ukutani mwa ukumbi au zipeleke nyumbani kwa wazee, kaa kitako usikilize. Mzee mmoja akitaja jina, muulize nani mwingine anaweza kulithibitisha, kwa sababu macho yanapenda kuona ndugu hata pasipo ndugu. Andika jina la aliyetaja na tarehe.

Ni kweli Bernie Sanders yumo kwenye mikanda hiyo?

Ni kweli, lakini si ya mgomo wa Oktoba. Ni ya Agosti 1963, kule kwenye mabehewa ya Englewood. Sanders, aliyekuja kuwa seneta wa Marekani, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chicago, ana miaka 21. Anaonekana akiburutwa na polisi. Alishtakiwa kwa kukataa kukamatwa akatozwa faini ya dola 25. Kartemquin waliitambua sehemu hiyo mwanzoni mwa 2016, alipokuwa anawania kuteuliwa kugombea urais, na karibu wakati huohuo gazeti la Chicago Tribune likapata picha yake ya kukamatwa katika maktaba yake.

Nafurahi ilipatikana, kwa sababu iliwafanya watu wengi wasikie kuhusu mabehewa kwa mara ya kwanza. Ila inaniuma kidogo kuona kwamba ilihitajika sura ya mwanasiasa mzungu mashuhuri ndipo dunia igeuke kutazama kiwanja walichokilinda akina mama weusi. Ukionyesha kipande hicho darasani, usiishie kwake. Waonyeshe wanafunzi nani mwingine yumo ndani ya fremu.

Kwa nini filamu inachanganya 1963 na mambo ya 2013?

Kwa sababu wakati watengenezaji wanafanya kazi, Chicago ilikuwa inafunga shule. Mei 2013 bodi ya elimu ilipiga kura kufunga karibu shule 50 kwa mkupuo, na wengi wa watoto walioguswa walikuwa weusi. Wazazi wakaingia barabarani tena. Mwaka 1963 walidai shule zisiwe finyu. Mwaka 2013 waliambiwa shule zao zina watoto wachache mno. Hesabu zimegeuka, ila mitaa ilikuwa ileile.

Watazamaji wengine hulalamika kwamba kuchanganya nyakati ni kupiga siasa. Sikubaliani. Wahojiwa wenyewe walikuwa wanaishi katika jiji hilo, wajukuu zao wakiwa katika shule hizo. Kuwaomba wasimulie 1963 huku wakijifanya hawaoni kinachotokea nje ya dirisha kungekuwa ndiko kupotosha.

Je, kuwapiga picha waandamanaji hakukuwahatarisha?

Kuliweza. Polisi wa Chicago walikuwa na kikosi cha kupeleleza wanaharakati, kilichojulikana kama Red Squad, kilichokusanya majalada na picha za watu waliohudhuria mikutano na maandamano. Kesi zilizofunguliwa miaka ya 1970 zilikifichua, na sehemu ya majalada hayo leo imehifadhiwa Chicago History Museum, ambako wanahistoria wanayatumia. Maana yake ni kwamba siku moja, barabara moja, kulikuwa na kamera za kumbukumbu na macho ya upelelezi.

Tofauti ni nani anashika mkanda na kwa ajili ya nani. Kwa anayerekodi maandamano leo, hatari ni kubwa zaidi kwa sababu picha inaruka mtandaoni ndani ya dakika na uso unatambuliwa na kompyuta. Ushauri wangu: rekodi, hifadhi katika sehemu salama zaidi ya moja, lakini usiharakishe kurusha nyuso za watoto wala za watu ambao hawajakubali. Mikanda ya Quinn ilikaa miaka 50. Wewe unaweza kusubiri wiki.

Mgomo ulizaa matunda?

Willis hakuondoka siku ile wala mwaka ule. Tarehe 25 Februari 1964 kukawa na mgomo wa pili, watoto zaidi ya 170,000 wakabaki nyumbani. Mkubwa, ingawa mdogo kuliko wa kwanza. Mwaka huohuo jopo lililoongozwa na mwanasosholojia Philip Hauser lilitoa ripoti iliyothibitisha kwa takwimu yale ambayo wazazi walikuwa wanayasema kwa midomo: shule za Chicago zilikuwa zimetengana kwa rangi, na za weusi zilikuwa zimefurika zaidi. Willis aliondoka 1966. Utengano haukuondoka naye.

Ukipima kwa matokeo ya haraka utasema mgomo ulishindwa. Lakini ulifunza kizazi kizima cha vijana namna ya kujipanga, na uliandaa udongo ambao kampeni ya King ya 1966 ilipandwa. Halafu kuna ushahidi. Baada ya siku ile hakuna kiongozi wa Chicago aliyeweza kusema kwamba wazazi weusi wameridhika.

Ilikuwa Chicago peke yake?

La. Boston walisusia shule Juni 1963 na tena Februari 1964. New York, tarehe 3 Februari 1964, zaidi ya wanafunzi 460,000 hawakwenda shule, mgomo ulioongozwa na mchungaji Milton Galamison wa Brooklyn na kuratibiwa na Bayard Rustin, yuleyule aliyepanga maandamano ya Washington ya Agosti 1963. Kwa idadi ya watu waliojitokeza, ule wa New York uliyapita hata maandamano ya Washington, lakini muulize mtu barabarani atakutajia Washington tu.

Hii inatuhusu nini sisi wa Afrika Mashariki?

Kwanza, wazee wetu walikuwa kule. Kati ya 1959 na 1963 mamia ya vijana wa Kenya na nchi jirani walisafirishwa kwenda vyuo vya Marekani kwa mpango uliosukumwa na Tom Mboya, ukachangiwa na Wamarekani weusi maarufu kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Waliyaona mambo haya kwa macho yao.

Pili, tulikuwa na ya kwetu. Chini ya ukoloni shule za Kenya na Tanganyika ziligawanywa kwa Wazungu, Waasia na Waafrika, kila kundi na fedha zake na majengo yake. Tanganyika ilianza kuziunganisha Januari 1962, mara baada ya uhuru. Kenya ilipata uhuru Desemba 1963, wiki chache baada ya mgomo wa Chicago. Watu waliokuwa Waafrika wa kwanza kuketi katika madarasa yale bado wapo, na wengi hawajaulizwa kitu. Una simu mfukoni na mwalimu mstaafu mtaani kwenu. Swali la kwanza liwe dogo: ulikaa dawati la wapi, karibu na nani?

Nikipata picha za zamani naweza kuzitumia tu?

Hapana, hata kama ziko mtandaoni. Mkanda una mwenyewe, wimbo una mwenyewe, na leseni huwa na muda. Mfululizo mmoja mashuhuri wa televisheni ya Marekani kuhusu harakati za haki za kiraia ulikaa miaka mingi bila kurushwa wala kuuzwa upya kwa sababu leseni za picha na nyimbo zilizokuwamo ziliisha, na kuzilipia tena kulihitaji fedha nyingi. Ni hasara iliyoje, historia kamili imefungiwa kabatini kwa sababu ya karatasi. Omba ruhusa kwa maandishi, na uombe ya muda mrefu kadiri inavyowezekana.

Nina mkanda wa filamu wa zamani nyumbani. Nifanye nini kwanza?

Usiuwashe kwenye projekta ya zamani. Mkanda mkavu hukatika na meno ya mashine huuchana, na ukishachanika hakuna nakala nyingine.

Unuse. Ukitoa harufu ya siki, plastiki yake imeanza kuoza, na uozo huo huambukiza mikanda ya jirani. Utenge na mingine. Mkanda wa milimita 16 hauwaki moto kirahisi kama ule wa zamani wa sinema kubwa, kwa hiyo usiogope kuwa nao ndani. Uhamishe kutoka chini ya paa la bati na mbali na ukuta wenye unyevu. Kwa aliyeko Zanzibar, Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, joto na unyevu wa pwani ndio adui mkubwa. Chumba cha ndani chenye hewa na ubaridi kinafaa kuliko stoo. Ushike kwa kingo, mikono mikavu. Usiufute kwa maji wala spiriti.

Andika kila kilichoandikwa kwenye kopo, hata kikiwa herufi mbili, na usilitupe kopo. Kisha tafuta mtu wa kuunakili kidijitali fremu kwa fremu, umwombe faili kubwa lisilobanwa pamoja na lile dogo la kutazamia, na uhifadhi nakala mahali pawili tofauti. Mkanda wenyewe udai urudishwe. Na kabla hujafika huko kote, kama aliyeupiga au aliyeonekana ndani yake yu hai, nenda kamwone wiki hii, ukiwa na daftari.